Anayelipa Ada Ili Afanye Kazi: Kipato cha Mpanda Fahali na Gharama Yake

Hotuba hii ilitolewa Fort Worth, Texas, mbele ya wazazi na vijana wanaozungumza Kiswahili wanaoishi huku. Tunaiweka yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, baba zangu, kaka na dada, na ninyi vijana mliojipanga kule nyuma, habari za jioni. Itifaki imezingatiwa.

Tuko Fort Worth. Kutoka hapa hadi Stockyards, ule mtaa wa soko la zamani la mifugo, si mbali, na kila Ijumaa na Jumamosi usiku, ndani ya ukumbi wa Cowtown Coliseum, kuna vijana wanaopanda mafahali. Watoto wetu wanasoma darasa moja na watoto wa wafugaji. Wanaalikwa, wanakwenda, wanarudi nyumbani wamevaa kofia, na baadhi yenu mmeshaulizwa: "Baba, na mimi naweza kujaribu?" Ndiyo sababu mmeomba jambo hili lizungumzwe.

Ng'ombe hatuwaogopi. Hapa wapo waliozaliwa Pemba wanaoujua mchezo wa ng'ombe, na wapo wa Kakamega waliotazama mafahali wakipigana wenyewe kwa wenyewe asubuhi na mapema. Lakini hili ni jambo jingine. Hapa mtu anakaa mgongoni mwa fahali, na anakaa kwa ajili ya riziki. Je, riziki hiyo ipo? Ipo. Inawatajirisha wachache. Wengine wote ndio wanaoigharamia.

Nianze na kazi yenyewe, maana huwezi kupiga hesabu ya kazi usiyoijua.

Mpandaji anashuka ndani ya kizimba cha chuma ambamo fahali amebanwa, mnyama wa kilo 700 mpaka 850 hivi. Nyuma tu ya miguu ya mbele fahali amezungushiwa kamba bapa ya kusukwa yenye mshikio. Chini ya kifua kamba hiyo imening'inizwa kengele nzito. Kengele si pambo. Mpandaji akiachia mkono, uzito wa kengele ndio unaoivuta kamba ianguke. Kamba imepakwa rosini, ule utomvu mkavu wa msonobari, na glavu pia, na mpandaji anaisugua kamba kwa nguvu juu na chini mpaka rosini ipate joto na ianze kunata. Mwenzake aliye juu ya kizimba anaivuta kamba ikaze. Yeye analaza mkono kwenye mshikio kiganja kikitazama juu, anapitisha mwisho wa kamba ndani ya kiganja, anafumba vidole, anajipigia ngumi juu ya vidole ili vishike, anasogea mbele mpaka kinena kikaribie mkono. Halafu anatikisa kichwa, na mlango unafunguliwa.

Sekunde nane. Mkono mmoja. Ule mkono huru ukigusa fahali, sifuri. Ukigusa mwili wa mpandaji mwenyewe, sifuri. Mpandaji akianguka kwenye sekunde ya saba na nukta tisa, sifuri vilevile. Akizimaliza zote nane, waamuzi wanampa alama kati ya 100, nusu za mpandaji na nusu za fahali. Mnaona hapo? Fahali mpole hana faida kwa mtu. Fahali asiporuka sawasawa alama zinashuka, na waamuzi wanaweza kumpa mpandaji nafasi ya kupanda mwingine. Mia moja kamili imewahi kutolewa mara moja tu katika mashindano ya kulipwa: Wade Leslie, mwaka 1991, Central Point, Oregon, juu ya fahali aitwaye Wolfman Skoal. Mbrazili Jose Vitor Leme alikaribia mwaka 2021 huko Las Vegas alipopata 98.75.

Na kwa sababu swali hili huulizwa kila mara: ile kamba ya nyuma inayomfanya fahali arushe miguu hufungwa kiunoni, mbele ya mapaja. Ni kamba laini. Haifungwi kwenye korodani. Mwenye fahali hawezi kukubali, kwa sababu akistaafu mnyama yule ataendelea kumlipa kwa mbegu.

Sasa, ndugu zangu, nani anamlipa mpandaji?

Sikilizeni vizuri hapa. Katika rodeo ya kawaida, yaani yale mashindano ya makauboi ya kupanda na kukamata wanyama, hakuna anayemlipa. Hana mshahara, hana siku ya likizo, hana mwajiri. Ni mkandarasi wa kujitegemea. Wale mnaoendesha malori au magari ya abiria kwa karatasi ya 1099, ile ya kodi ya wasioajiriwa, mnaijua hali hiyo, ila ninyi mkifika mwisho wa safari mnalipwa. Huyu akifika anatoa yeye. Anatoa ada ya kushiriki. Ada za washiriki wote zinajumlishwa na fedha za waandaaji, fungu hilo linagawiwa waliopata alama za juu, na aliyeanguka anaondoka mikono mitupu.

Tupige hesabu ya mfano, wikiendi moja, rodeo tatu. Ada dola 200 kila moja, jumla 600. Vijana watatu ndani ya pikapu moja, mwendo wa kilomita 2,400, gari linakula lita 360, tuseme senti 90 kwa lita: dola 324, kila mmoja atoe 108. Chumba kimoja cha moteli, usiku tatu kwa dola 90, ni 270, kila mmoja 90. Chakula dola 40 kwa siku, siku nne, 160. Jumlisheni. Ni dola 958 kabla hajapanda fahali hata mmoja.

Mafahali watatu, je, atakaa juu ya wangapi? Hata mabingwa, katika maisha yao yote ya kazi, wengi humaliza sekunde nane kwa nusu tu ya mafahali waliopanda, au chini ya nusu. Mpandaji wa kawaida ni mmoja kati ya watatu. Basi tumpe huyo mmoja. Amemaliza, ameshika nafasi ya nne, amepewa dola 700. Mikono imepigwa, jina limetangazwa, picha imepigwa. Na amepata hasara ya dola 258.

Wiki nyingine akashinda dola 2,400. Imebaki 1,442. Hapo serikali inadai kodi ya kujiajiri ya hifadhi ya jamii na ya Medicare, ile bima ya afya ya wazee, asilimia 15.3, mbali na kodi ya mapato. Asipotunza risiti za mafuta, za moteli na za ada, atatozwa kodi kwa fedha ambazo zilishaishia barabarani. Vijana, hili andikeni: mpandaji asiyetunza risiti anafilisika akiwa anashinda.

Juu ya yote haya kuna vifaa: fulana ya kinga, helmeti, kamba, glavu, buti, vile vyuma vya kisigino. Wadhamini wanasaidia, lakini mdhamini hununua nafasi kwenye kifua kinachoonekana kwenye televisheni. Kijana anayeanza haonekani.

Basi zile milioni tunazosikia zinatoka wapi? Zinatoka kileleni. Kwenye fainali ya taifa ya rodeo ya Las Vegas, kila Desemba, wanaingia 15 tu waliochuma zaidi mwaka huo, na kushinda raundi moja siku hizi ni zaidi ya dola 30,000. Raundi ziko kumi. Na katika PBR, chama cha wapanda fahali peke yao, bingwa wa dunia alianza kupewa ziada ya dola milioni moja mwaka 2003, na wa kwanza kuichukua alikuwa Chris Shivers wa Louisiana.

Mchukueni J.B. Mauney wa North Carolina. Agosti 2013, mjini Tulsa, alichagua kumpanda Bushwacker. Fahali huyo alikuwa ameangusha wapandaji 42 mfululizo kwenye mashindano ya juu ya PBR. Mauney akazimaliza sekunde nane, akapewa 95.25, na mwaka ule akawa bingwa wa dunia. Kabla ya kustaafu alikuwa amevuka dola milioni 7 za zawadi. Hiyo ni kweli. Lakini mtu wa namna hiyo ni mmoja, na nyuma yake wako mamia ambao hesabu yao ni ile ya dola 958.

Tena utaratibu huu mnaouona leo, wa ada kuingia kwenye fungu la zawadi, haukutoka kwa hisani ya mtu. Mwaka 1936, Boston Garden, mwandaaji alikuwa anakusanya ada lakini haziingizi kwenye zawadi. Mtu angeweza kushinda na bado asirudishe nauli. Makauboi 61 wakatia saini karatasi moja, wakagoma. Mwandaaji akajaribu kuleta watu wengine, onyesho likaharibika, mwishowe akakubali kulipa. Kutokana na mgomo ule kilizaliwa chama cha kwanza cha makauboi, ambacho baada ya miaka na majina kadhaa ndicho PRCA ya leo.

Mwaka 1992 hadithi ikajirudia kwa sura nyingine. Wapanda fahali 20 walikutana kwenye chumba cha hoteli huko Scottsdale, Arizona. Waliona jambo moja: watazamaji wanakaa mpaka mwisho wa rodeo kwa ajili ya mafahali, lakini mpanda fahali hapati zaidi ya wengine. Kila mmoja akatoa dola 1,000. Hizo dola 20,000 ndizo zilizoanzisha PBR. Walikuwa wapandaji wenyewe, si matajiri wala kampuni. Fikirini kijana wa kazi hii kutoa dola 1,000 wakati ule, na hesabu yake ya wikiendi mmeshaiona.

Sasa nihamie kwenye gharama ambayo haina risiti. Ndugu zangu, naomba hapa mnivumilie, maana nitakaa kidogo.

Tarehe 30 Julai 1989, Cheyenne, Wyoming. Lane Frost, umri miaka 25, bingwa wa dunia wa 1987, alimaliza sekunde zake nane vizuri. Akashuka, akatua kwenye tope. Fahali akageuka, akampiga pembe mgongoni. Frost alisimama, akapunga mkono kuomba msaada, akaanguka. Mbavu zilikuwa zimevunjika ndani na kukata mshipa mkubwa wa damu. Aliyafanya yote sawasawa, akafa baada ya kazi kwisha. Hapo ndipo mjue kwamba sekunde nane ni za waamuzi. Fahali hazihesabu.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Rafiki yake, Cody Lambert, naye mpanda fahali, hakukubali kuishia hapo. Alitengeneza fulana ya kinga, yenye tabaka la sponji na kitambaa kigumu, inayotawanya nguvu ya pigo la pembe au kwato ili lisiingie mahali pamoja. Wengine walikuwa na wasiwasi nayo mwanzoni. Leo hakuna mpandaji wa PBR anayefunguliwa mlango bila kuivaa, na wapo watu wengi wanaotembea kwa sababu yake.

Lakini fulana ina mwisho wake. Januari 2019, Denver, Mason Lowe, kijana wa miaka 25, alikuwa ameivaa. Fahali alimkanyaga kifuani akafariki. Agosti 2021, Fresno, California, Mbrazili Amadeu Campos Silva, miaka 22, alikuwa na fulana na helmeti. Chuma cha kisigino kilinasa kwenye kamba, akavutwa chini ya fahali.

Kwa nini kunasa kunatokea? Hata mkono hunasa, na hilo ndilo wapandaji wanaloliogopa kila siku. Ukianguka upande wa ule mkono ulioshika kamba, vidole vinafunguka. Ukianguka upande wa pili, mwili unauvuka mgongo wa fahali, kiganja kinajikunja ndani ya mshikio, kamba inajifunga. Hapo unaburuzwa. Hapo ndipo wanaingia wale wanaume wawili au watatu wa uwanjani ambao kazi yao ni kumvuta fahali awafuate wao: mmoja anakwenda kwenye kichwa cha fahali, mwingine anaruka kwenye mkono ulionasa na kuvuta mwisho wa kamba. Mwalimu mzuri humfundisha mtoto kushuka kabla ya kumfundisha kukaa. Mkimwona mwalimu anayeanza na kukaa, mchukueni mtoto wenu mwondoke.

Na kichwa? Mwaka 1995 Tuff Hedeman, rafiki mwingine wa Frost, alipanda fahali aitwaye Bodacious kwenye fainali ya PBR, Las Vegas. Bodacious alikuwa na mbinu: anainua nyuma kwa nguvu ili mpandaji ajitupe mbele, kisha anarusha kichwa juu wakakutana. Mifupa ya uso wa Hedeman ilivunjika, ikaunganishwa kwa vyuma vya titaniamu. Wiki chache baadaye, kwenye fainali ya taifa, kura ikamwangukia Bodacious tena. Akaingia kizimbani, akashika kamba, akatikisa kichwa, mlango ulipofunguka akaachia. Fahali akatoka peke yake. Hedeman aliacha fedha pale, mbele ya uwanja mzima, na hakuna aliyemwita mwoga. Mpandaji aliyefuata kumpata Bodacious alivaa kinyago cha mpira wa magongo, naye akavunjika mfupa wa jicho. Mwenye fahali, Sammy Andrews, akamstaafisha mnyama.

Kuna madhara yasiyovunja mfupa. Ty Pozzobon wa Kanada alipigwa kichwa mara nyingi. Alijitoa uhai Januari 2017, akiwa na miaka 25, na ubongo wake ulipochunguzwa ulikutwa na ugonjwa unaotokana na mitikisiko ya kurudiarudia. Alikuwa mpanda fahali wa kwanza wa kulipwa kuthibitishwa kuwa nao. PBR tangu 2013 inamlazimisha kila aliyezaliwa tarehe 15 Oktoba 1994 au baadaye kuvaa helmeti. Aliyezaliwa kabla ya siku hiyo anaachiwa achague kofia akitaka. Mimi kanuni ile naiona nusu. Fuvu la mtu wa miaka thelathini na kitu si gumu kuliko la kijana.

Nani analipa hospitali? Mwezi Machi 1998, hapahapa Fort Worth, Jerome Davis, bingwa wa dunia wa 1995 na mmoja wa wale 20 wa Scottsdale, aligongana kichwa na fahali, akapoteza fahamu kabla hajafika chini, akatua kwa kichwa. Alipooza. Mwaka huohuo ukaanzishwa mfuko wa kuwasaidia wapanda fahali walioumia. Davis hakuondoka kwenye kazi: alifuga mafahali, akaandaa mashindano shambani kwake North Carolina, na sasa anafundisha timu, akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Mfuko ni jambo jema, nawashukuru walioubuni. Lakini mfuko unakuja baada ya kuumia, na hutoa kadiri ulivyojaliwa.

Wabrazili walikwenda njia nyingine. Barretos, jimbo la São Paulo, wana sherehe ya rodeo tangu 1956, na kutoka jimbo hilo alitoka Adriano Moraes, bingwa wa dunia mara tatu. Mwaka 2001 bunge lao lilipitisha sheria namba 10.220, inayomtambua mpanda rodeo kuwa mwanamichezo wa kulipwa. Mwandaaji lazima amwekee bima ya maisha na ajali, kifo au ulemavu wa kudumu usilipwe chini ya reali 100,000, na mkataba uwe wa maandishi. Aliye chini ya miaka 21 lazima mzazi au mlezi akubali. Cha ajabu ni kwamba vijana haohao huacha sheria hiyo nyuma na kuja huku, Decatur, saa moja tu kutoka hapa tulipo, kwa sababu dola ziko huku. Wahamiaji wenzangu, hesabu hiyo sihitaji kuwaeleza.

Huku Marekani mabadiliko makubwa yalikuja 2022, PBR ilipoanzisha ligi ya timu, nane kwa kuanzia, na wapandaji wakaanza kusaini mikataba. Kwa mara ya kwanza mtu anaweza kuanguka Jumamosi na Jumatatu bado ana kipato. Nafasi ni chache, lakini mlango umefunguka.

Mauney, yule wa mamilioni, mnataka kujua aliishia wapi? Mei 2023, Lewiston, Idaho, fahali aitwaye Arctic Assassin alimrusha, akavunjika shingo, akastaafu. Baadaye alimchukua fahali yule akamweka shambani kwake. Anatembea, Mungu mkubwa.

Basi wazazi, mtoto akikuuliza, usimkatalie kwa hasira na usimkubalie kwa furaha. Muulizeni mwalimu maswali. Anaanza na mnyama gani? Kondoo kwa wadogo, kisha ndama na maksai, fahali mwisho kabisa. Helmeti, fulana na kinga ya meno ni kila siku au siku ya mashindano tu? Iwe kila siku. Kuna mhudumu wa dharura uwanjani wakati wa mazoezi, au ni siku ya tiketi tu? Bima yenu ya afya someni ile sehemu ya mambo yasiyolipiwa, muone kama rodeo imetajwa.

Kijana wa sekondari aingie kwenye chama cha rodeo za shule, na akiwa hodari vipo vyuo vinavyotoa ufadhili wa masomo kwa wapandaji. Hiyo naipenda kuliko zawadi yoyote, kwa sababu cheti hakivunjiki. Kibali cha PRCA hutolewa kuanzia miaka 18, na ili apate kadi kamili lazima kwanza achume dola 1,000 kwenye mashindano yao.

Na akipigwa kichwa akawa anatapika, anauliza swali moja mara mbili, au mwanga unamuumiza, hapandi tena wiki ile, hata kama ada imeshalipwa, hata kama wenzake wanamsubiri kwenye pikapu. Anarudi siku daktari atakapoandika kwamba anaruhusiwa, si siku atakayosema mwenyewe kuwa amepona.

Asanteni kwa kunisikiliza. Tuanze maswali. Wazee kwanza, halafu vijana.